Daftari la nyimbo 24: shajara ya kwaya mbili, Kigoma na Tabora

Desemba tulimzika mwenzetu wa sauti ya tatu. Makaburini mwalimu alianzisha wimbo ambao kwaya yetu imeuimba misibani miaka na miaka. Tulipofika ubeti wa pili tukasikia shimo katikati: sauti ya kwanza ipo, ya pili ipo, besi wanavuma, ya tatu haipo. Aliyekuwa anaijua, na wenzake wakimfuata kwa sikio, ndiye tuliyekuwa tunamfukia.

Kwaya yetu ni ya Kikatoliki, iko Kigoma mjini, waimbaji 34. Wanaosoma nota ni tisa. Nyimbo nyingi tunazozipenda hazijawahi kukaa kwenye karatasi. Baada ya matanga tuliamua kuziandika, na binti yetu wa sauti ya pili aliyeolewa Tabora akasema kwaya aliyohamia ina tatizo hilo hilo. Tukapatana: sisi tutoe 12, wao 12, daftari liwe moja. Naandika hatua kwa hatua ili kwaya nyingine ikitaka kufanya hivi isirudie makosa yetu. Mimi ni mwalimu msaidizi na ndiye mshika kalamu.

14 Januari 2023: kuhesabu

Kazi ilionekana ya nusu saa, ikala jioni nzima. Ukitaja jina la wimbo mtu anauonja kidogo, jirani yake anadakia, na kabla sijaandika namba umeshaimbwa mpaka mwisho. Katibu aligomba mara mbili, mara ya tatu na yeye akaimba.

Majina yalifika 143. Tulipoondoa yaliyojirudia (wimbo mmoja wengine wanauita kwa kibwagizo, wengine kwa ubeti wa kwanza) zikabaki 96. Kati ya hizo 41 zina nota kabatini. Kwa hiyo 55 ziko vichwani tu. Tumechagua 12, na ule wa makaburini tumeupa namba 7.

Gharama: madaftari makubwa mawili (kaunta buku), shilingi 9,000.

21 Januari: kurekodi, mara ya kwanza (imeshindikana)

Tuliweka simu juu ya meza katikati ya kwaya, tukaimba nyimbo nne. Niliporudi nyumbani kusikiliza nikapata sauti ya kwanza, sauti ya kwanza tena, na bodaboda inayopanda kilima cha Mwanga. Sauti ya pili inasikika kama mtu anaongea chumba cha pili.

Besi hawakusikika kwa sababu rahisi zaidi: hawakuwepo. Kosa ni langu, sikuangalia mwezi. Besi wetu wako wanane na watano ni wavuvi. Siku za giza wanaingia ziwani na taa, maana dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazifui dafu, mitumbwi inalala mwaloni Kibirizi, na sisi tunapata besi. Nimechora mwezi kwenye kalenda ya mazoezi ya mwaka mzima. Anayefanya kazi hii kando ya ziwa aanze na hilo.

4 Februari: kurekodi, mara ya pili

Kesho mwezi ni mpevu, wavuvi wote watano wamekuja. Mpango ulikuwa kumwita mwimbaji mmoja kwa kila sauti, aingie sakristia, aimbe sauti yake peke yake mbele ya simu, atoke. Dakika tano kila mmoja.

Hakuna aliyeweza.

Wa kwanza alikuwa mzee wa besi anayeimba tangu kabla sijazaliwa. Alisimama, akakohoa, akaanza vizuri mpaka mstari wa pili, akanyamaza. Nikamwambia aendelee. Akasema, "Mwalimu, hapa mimi naingia wakati akina mama wanapopanda. Sasa hawajapanda."

Nilidhani ni uzee. Akaingia kijana, naye akakwama pale pale. Akina mama wa sauti ya pili ndio walikuwa wabaya zaidi: ukiwatenga na sauti ya kwanza, kabla ya kibwagizo wameshahamia sauti ya kwanza bila kujua, kisha wanaapa kwamba wameimba ya pili. Mimi mwenyewe nilijijaribu wimbo namba 2 na nikapotea. Tumeimba miaka yote tukiamini kila mtu ana sauti yake kichwani, kumbe kichwani ana nusu, na nusu nyingine iko kwa jirani yake wa benchi.

Dawa tuliyoipata, baada ya kupoteza saa mbili: simu mbili. Ya kwanza inamwimbia mwimbaji sauti ya kwanza kwenye sikio moja kwa hedifoni, sikio la pili linabaki wazi ili ajisikie. Ya pili inakaa hatua moja mbele yake juu ya kitambaa kilichokunjwa (mezani patupu inachukua mtetemo wa meza), inamrekodi yeye tu. Izimwe mtandao kabisa, sisi tulipigiwa mara mbili katikati ya kibwagizo. Sauti ya kwanza irekodiwe kabla ya zote, na aliyeiimba awe mtu asiyeyumba. Sauti ya pili walikataa kuingia mmoja mmoja, wakaingia wawili wawili wameshikana mikono, nikaacha.

Mzee wa besi alipovishwa hedifoni alifumba macho na kuimba beti zote tatu bila kosa.

Gharama: hedifoni 7,000.

18 Februari: namba 7

Nyimbo 11 zimerekodiwa kwa njia ya simu mbili. Hakuna la kusimulia.

Namba 7 tumerekodi sauti tatu. Mtu mmoja alikumbuka kwamba marehemu aliimba wimbo huo kwenye shughuli moja ya familia na kuna video. Tukaitafuta, tukaipata, tukakaa saba kuizunguka simu. Kwaya inaanza, kamera inapita juu ya keki, na mshereheshaji anaanza kuwataja wageni waliotoka mbali. Anawataja wote. Anaponyamaza zimebaki kama sekunde nne za wimbo, na hapo ndipo sauti ya marehemu inasikika, akishuka mwisho wa kibwagizo. Tumeandika hizo nota chache. Mstari uliobaki wa sauti ya tatu uko mtupu.

11 Machi: kuandika

Kwaresima ilianza 22 Februari. Ngoma zimepumzika, Aleluya haiimbwi, ndio msimu mzuri wa kukaa mezani.

Kwanza tuligombana. Vijana wawili waliosoma nota za mistari mitano walitaka tuandike hivyo, wakasema d r m (doh, ray, me, yaani sol-fa) ni nota za wazee. Niliwajibu kwa hesabu: wanaosoma mistari ni wao wawili, Tabora yuko mmoja. Halafu nikawaambia habari ambayo hawakuijua. Herufi hizi zilikuzwa Uingereza karne ya 19, na Sarah Glover kisha John Curwen, kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na kinanda. Ziliandikika kwa kalamu yoyote, na mashine ya kuchapa maneno iliweza kuchapa muziki. Ndiyo maana zilisafiri na wamisionari hadi kusini mwa Afrika na hadi kwetu. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini, alitunga kwa sol-fa mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoisimamia wima kila inapopigwa ya taifa. Vijana wakakubali, ila walinuna mpaka Jumanne.

Kwa asiyejua, mstari unakaa hivi:

s :s .l | s :m | d' :- .t | l :—

Nukta mbili zinatenga mapigo, nukta moja inagawa pigo katikati, kistari ni kushikilia. Kialama kidogo juu ya herufi (d') ni doh ya juu, kikikaa chini (s,) ni soh ya chini. Vialama hivyo vikumbukwe, vitatugharimu mbele.

Utaratibu: waandishi wawili wanasikiliza wimbo mmoja kila mtu kivyake, kisha wanalinganisha. Zinapotofautiana anaitwa mwimbaji. Wimbo mmoja unakula saa tatu.

Namba 3 ndiyo iliyotushangaza. Sauti ya pili mimi niliandika m, mwenzangu akaandika r, mahali pale pale, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Tukawaita akina mama. Kumbe wote tuko sahihi. Benchi la kushoto linaimba m na benchi la kulia linaimba r, na wamefanya hivyo tangu wimbo ulipokuja. Mimi nilisikiliza rekodi ya kushoto, mwenzangu ya kulia. Miaka yote hiyo masikio yetu yalichukua ile kama sauti moja nene. Mwalimu mkuu aliamua m, ndiyo tumeiandika. Ningekuwa mimi ningeziacha zote mbili, maana ule unene ndio uliokuwa unanisisimua pale, na sikujua unatoka wapi.

1 Aprili: steshenari (imeshindikana mara mbili)

Kosa la kwanza. Tulipeleka nyimbo tano zichapwe kwa kompyuta, kurasa 12 kwa 1,000 kila moja. Dada aliyechapa alijitahidi, lakini kompyuta ilijifanya mwalimu wa Kiswahili: kila baada ya nukta iliweka herufi kubwa, kwa hiyo nusu ya mapigo yetu yalianza kwa D na S kama majina ya watu. Mbaya zaidi, maneno hayakukaa chini ya nota zake. Herufi za kompyuta zina upana tofauti, i nyembamba na m nene, kwa hiyo kila mstari uliteleza kidogo, na mwisho wa ukurasa silabi ya "bwa" ilikuwa chini ya nota ya "na". Baadaye niliambiwa kuna aina ya mwandiko wa kompyuta ambayo herufi zote zina upana mmoja, na kwamba ule ukubwa wa herufi unaweza kuzimwa. Hela ilikuwa imeshatoka.

Kosa la pili. Tukarudi kwenye mkono, tukaandika kurasa 27 kwa kalamu ya bluu, nadhifu kabisa, tukatoa nakala kumi za kujaribia. Mashine ya fotokopi haikuipenda bluu. Herufi zilibaki, vialama vikapotea. Kila d' ikawa d na kila s, ikawa s. Jumanne tulipoziimba, sauti ya kwanza ilipofika kileleni ilianguka ngazi nane kama gunia, na besi waliotakiwa kushuka wakapanda juu ya akina mama. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Sasa tunaandika hivi: kalamu nyeusi nene, karatasi isiyo na mistari, nafasi ya kidole kati ya sauti na sauti, na vialama vya juu na chini vinaandikwa mwishoni kwa mkupuo mmoja na mtu mwingine, asiyekuwa na kazi nyingine. Nakala moja inatolewa kwanza na kuimbwa yote ndipo nyingine zitoke.

Gharama: kuchapa 12,000 (hasara), fotokopi za bluu 27,000 (hasara), kalamu nyeusi 6,000.

6 Mei: Doh

Baada ya Pasaka tuliwatumia Tabora picha za nyimbo zetu 12, nao wakatuma zao. Siku chache zilizopita mwalimu wao alipiga simu.

"Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa Kigoma."

"Milele na milele, Amina."

"Sasa jamani, nyimbo zenu tamu. Ila nyingine mnatuzika. Namba 1 mpaka 5 tunaimba raha mustarehe. Kuanzia 6, besi wangu anatafuta sauti sakafuni."

Nikamwuliza kama wanafuata Doh (nota ambayo nyingine zote huhesabiwa kutoka kwake) iliyoandikwa juu ya ukurasa. Akasema wanaifuata hiyo hiyo, wanaipima kwenye kinanda. Sisi tukaimba namba 6 hapo hapo, ikakaa vizuri. Tukashindwa kuelewa siku nne.

Aliyegundua ni kijana mmoja kati ya wale wawili wa nota za mistari, na sijui kama atanisamehe kwa kutomwamini mapema. Kinanda chetu kina kitufe cha kupandisha sauti bila kubadilisha vidole. Mtu alikitumia harusini mwezi wa tatu, akakiacha kwenye +2. Tangu siku hiyo ukibonyeza F kinatoa G. Sisi tulikuwa tunatafuta Doh kwa kulinganisha rekodi na kinanda. Rekodi iko G, tunabonyeza mpaka tupate inayofanana, tunaona kidole kiko F, tunaandika "Doh = F". Tabora wana kinanda kisichodanganya, wakaimba F kweli, chini ya sisi kwa sauti moja nzima. Nyimbo saba.

Uzuri wa sol-fa ni kwamba nota zenyewe hazikuharibika, maana zinahesabiwa kutoka kwenye Doh popote ilipo. Tulirekebisha mstari mmoja tu juu ya kila ukurasa. Sasa kabla ya kuandika tunapima A ya kinanda kwa programu ya simu inayoonyesha mitetemo. Ikisoma 440 tunaendelea, isiposoma tunatafuta nani alikuwa harusini.

Bando tangu Januari: 13,000.

3 Juni: mtunzi

Juu ya namba 4 tuliandika "Mtunzi: hajulikani". Ni wimbo tulioukuta, aliyetufundisha naye aliukuta. Tabora wakajibu kwa ujumbe mfupi: anajulikana sana, ni mwalimu mstaafu, anakaa nyuma ya soko hapa Tabora, na amekasirika.

Nilipiga simu mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayesubiri uzungumze. Nilieleza, nikaomba radhi. Alinyamaza, halafu akaniambia aliutunga wimbo ule akiwa kijana na ameusikia ukiimbwa redioni mara mbili bila jina lake. Sikuwa na la kusema. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na sisi tulikuwa tumemzika akiwa hai.

Alitoa ruhusa kwa masharti matatu: jina lake liandikwe, daftari lisiuzwe kwa faida, na besi ya kibwagizo irudishwe kama alivyoitunga. Nikamwuliza besi ina nini. Akaimba kwenye simu: d, ta, l. Sisi tunaimba d, t, l. Kwa asiyesoma nota, ta ni ti iliyoshushwa nusu. Ni nusu hatua tu, lakini pale anga linafunga ghafla kama wingu la mvua kabla kibwagizo hakijafunguka tena. Yetu ilikuwa jua tupu. Kwa masikio yangu ya kwake ni nzuri mara kumi, na tumeipoteza kwa sababu aliyetuletea alisikia vibaya, au sisi ndio tulisikia vibaya.

Tumeipeleka kwa besi. Vijana wamepata baada ya mazoezi mawili. Mzee wa besi bado.

Nyimbo nyingine zote tumezipitia upya. Neno "hajulikani" limefutwa kote, tumeandika "tunamtafuta".

1 Julai: Kiha na Kinyamwezi

Namba 11 ni ya Kiha. Bibi mmoja wa sauti ya kwanza alipokuwa binti mdogo aliimba Misa kwa Kilatini bila kuelewa neno. Nyimbo za lugha zetu na ngoma ziliingia baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliotoa hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Wimbo huu anaukumbuka tangu miaka hiyo, na sasa anausikia Tabora wanavyoutamka kwenye rekodi na kushika kichwa. Kiha kinapanda na kushuka, neno lile lile likibadili mwinuko linabadili maana. Sauti ya wimbo inafuata mwinuko huo kwa ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili uliongezwa na mtu mwingine ambaye hakujali, na Bibi anasema kwa miaka mingi tumekuwa tukimwomba Mungu kitu ambacho hataki kukitaja mbele yangu. Tumeondoa ubeti wa pili.

Tabora nao wana moja ya Kinyamwezi, namba 19. Hiyo ndiyo iliyopendwa na watu wetu. Nilitarajia kuifundisha mwezi, wakaishika siku tatu, na Alhamisi nilisikia mitumbwi ikitengenezwa mwaloni huku mtu anaipiga mluzi, na si mwanakwaya.

2 na 3 Septemba: Tabora

Tumechagua tarehe kwa mwezi. Ulikuwa mpevu 31 Agosti, kwa hiyo besi wameruhusiwa na ziwa. Tumekwenda 14 kwa treni, daraja la tatu, safari ya usiku, na ndoo ya dagaa wakavu na galoni mbili za mawese kwa ajili ya wenyeji.

Nilikataza kuimba ndani ya treni ili kutunza sauti. Amri hiyo haikufika Uvinza. Mama mmoja wa behewa letu, mgeni kabisa, aliuliza tunakwenda msiba gani. Tulipomwambia tunakwenda kuimba akasema basi imbeni. Baada ya Nguruka behewa zima lilikuwa linaitikia, na huyo mama ana sauti ya pili ambayo ningempa benchi la mbele. Njia hii ya Ujiji na Tabora ni ya misafara tangu karne ya 19, reli ilifika Kigoma mwaka 1914 tu, na wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kwa kuimba njiani wakiwa na mizigo. Nilijipa moyo kwa hilo, maana kufika Kaliua sauti ya kwanza ilikuwa imekauka.

Stesheni walitupokea kwa "Mwangaluka!", sisi tukajibu "Mwakeye!", kila upande kwa ya kwao, ikatosha.

Jumamosi mazoezi. Wasiwasi wangu wote ulikuwa bure: nyimbo 24, kwaya mbili ambazo hazijawahi kukaa chumba kimoja, na namba 1 ilipoanza watu 50 waliingia mahali pamoja kwa sababu ya karatasi ile ile iliyotutesa. Kuna sekunde mbili kwenye kibwagizo ambapo sauti zote nne zinatua kwenye d, m, s na kushikilia. Pale kwetu tukiwa 34 tunasikia sauti nne. Tabora tulisikia ya tano, juu kabisa, isiyoimbwa na mtu yeyote, inalia kwenye bati. Wote tuliisikia kwa sababu wote tulitazama juu. Mwongozaji wao alisahau kukata, tukashikilia mpaka pumzi ikaisha, mtu akaanza kucheka na wimbo ukafa hapo.

Jumapili mtunzi alikuja amevaa koti, akaombwa aongoze namba 4 mwenyewe. Kibwagizo cha kwanza, besi 13 wakashuka kwenye ta, wingu likafunga. Besi mmoja akabaki kwenye t. Ukisikia ta na t kwa pamoja hutasahau. Mtunzi hakuacha kuongoza, ila kichwa kiligeuka polepole upande wa besi. Kibwagizo cha pili ikawa vile vile. Baada ya Misa akauliza, "Nani yule?" Wote tukaangalia dari. Mzee wetu wa besi alikuwa wa kwanza kumpa mkono.

Tulirudi na asali lita kumi.

16 Septemba: hesabu

Daftari lina kurasa 58. Nakala 40 kwa 100 ukurasa ni 232,000, spairo 40 kwa 1,500 ni 60,000. Bando lote mpaka mwisho lilifika 24,000. Ukijumlisha na yaliyoandikwa juu, daftari limekula 377,000, na katika hizo 39,000 ni ujinga wetu wa steshenari. Kila nakala imesimama kwenye 9,425. Safari ya watu 14 na chakula, 560,000, ambapo kila msafiri alitoa 20,000 na kwaya ikamalizia. Tabora wamechangia 150,000 kwa daftari. Jumla kuu ni 937,000. Nakala 22 ziko Kigoma, 18 Tabora.

Yasiyofanyika: nyimbo 43 bado ziko vichwani. Watunzi watatu hatujawapata. Mzee wa besi bado anaimba t.

Na namba 7. Tabora waliikuta na ule mstari mtupu, na watu wawili wa sauti ya tatu, bila kuulizana, kila mmoja aliujaza kwa sikio lake. Walituma rekodi zote mbili. Ni nzuri zote, zinatofautiana mstari wa pili. Jumanne baada ya mazoezi nilimpelekea mjane wa marehemu simu na hedifoni, akakaa kwenye benchi la sauti ya kwanza akasikiliza ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya kwanza tena. Akasema hakuna hata moja iliyo yake, ila huyu wa pili pale mwishoni anashuka kama yeye. Nimeziandika zote mbili, moja juu ya nyingine, kwa penseli.